Kuchunguza sayari za mbali ukiwa Nairobi: mwongozo wa anayeitaka kazi hii

Mtu akisikia kwamba kuna kazi ya kuchunguza sayari zinazozunguka nyota nyingine, humjia picha ya mzee aliyebana jicho kwenye darubini usiku wa manane. Iondoe picha hiyo kwanza. Wengi wanaofanya kazi hii hulala usiku kama wewe na mimi, na sayari wanazozichunguza hawajawahi kuziona. Zilizothibitishwa sasa zimepita 6,000. Zilizopigwa picha moja kwa moja ni chache mno. Zilizobaki zimejulikana kwa kile zinachoifanyia nyota yao. Hii basi ni kazi ya kupima nyota, na asiyeijua nyota hawezi kuijua sayari yake.

Nimemwandikia kijana wa Nairobi: awe yuko Gredi ya 10, awe mwaka wa tatu pale Chiromo, au awe alimaliza shahada ya hisabati na sasa anafundisha tuisheni Umoja akijiuliza kama wakati umempita. Haujampita. Mawingu ya Julai na taa za mjini si kizuizi, kwa kuwa data nzuri kuliko zote hukusanywa na darubini zilizo nje ya Dunia, kisha hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Vizuizi vya kweli ni hesabu, uandishi wa programu, na kukosa mtu wa kukukosoa.

Hatua ya 1: Elewa nyota inakuambia nini

Sayari ya kwanza kuonekana ikizunguka nyota ya aina ya Jua letu ilitangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva, waliotumia darubini ya Haute-Provence huko Ufaransa. Nyota yenyewe inaitwa 51 Pegasi na iko umbali wa takriban miaka 50 ya mwanga. Walichopima ni nyota kutukaribia kidogo, kisha kurudi nyuma, kisha kutukaribia tena, kila baada ya siku 4.2. Kitu kizito kilikuwa kinaivuta huku na huku. Mshtarii (Jupiter), sayari kubwa kuliko zote za Jua letu, huchukua karibu miaka 12 kulizunguka, na hapa palikuwa na jitu la aina hiyo linalomaliza mwaka wake kabla ya wiki kwisha. Wengi hawakuamini mpaka wenzao wa Marekani walipopima na kupata vivyo hivyo. Mayor na Queloz walipata Nobel mwaka 2019. (Mwaka 1992 zilikuwa zimeshatangazwa sayari zinazozunguka pulsa, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka. Ukitaka kuanzisha ubishi kati ya wanaastronomia, waulize ipi ihesabiwe ya kwanza.)

Njia hiyo, tuiite ya mtikisiko, inategemea spektra ya nyota. Mwanga ukitawanywa katika rangi zake huonekana mistari myeusi, na mistari hiyo husogea upande wa bluu nyota ikija, na upande wa nyekundu ikienda. Mshtarii hulivuta Jua kwa takriban mita 12.5 kwa sekunde. Dunia hulivuta kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, na ndiyo maana kupata Dunia nyingine bado ni kazi ngumu.

Njia ya pili ni mpito. Sayari ikipita mbele ya nyota, mwanga unaotufikia hupungua kidogo. Ukigawanya nusu kipenyo cha sayari kwa nusu kipenyo cha nyota, kisha ukazidisha jibu kwa lenyewe, unapata sehemu ya mwanga iliyofunikwa. Mshtarii mbele ya Jua ungefunika kama asilimia 1. Dunia ingefunika asilimia 0.008 hivi.

Njia ya mtikisiko inakupa uzito wa sayari, au angalau kiwango ambacho uzito huo hauwezi kushuka chini yake. Mpito unakupa ukubwa. Ukiwa na vyote viwili unapata msongamano, na hapo ndipo unapoweza kusema kama ni mwamba, ni maji, au ni gesi tupu. Angalia tena, hata hivyo: katika njia zote mbili jibu linakuja likiwa limegawanywa au kuzidishwa kwa kipimo cha nyota. Ukikosea ukubwa wa nyota kwa asilimia 10, na sayari umeikosea kwa asilimia 10.

Hatua ya 2: Chagua masomo bila kungoja kozi yenye jina zuri

Kwa walio katika mtaala mpya, chukua mkondo wa STEM ukiwa na Fizikia, na kompyuta kama shule inaifundisha. Kwa wanaomalizia 8-4-4, Hisabati na Fizikia ndizo zitakazokufungulia mlango wakati wa kuchagua kozi za chuo.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia, na fizikia yake hufundishwa Chiromo. Ukiipata, vizuri. Ukiikosa usikate tamaa, na tafadhali usirudie mwaka kwa sababu hiyo tu. Shahada ya fizikia kutoka Kenyatta, JKUAT au chuo kingine inatosha kabisa. Hisabati inatosha. Nimeona hata wahandisi wa umeme wakiingia kwa urahisi, kwa kuwa wanajua kelele ya vyombo, yaani kuyumbayumba kwa vipimo kusikotokana na nyota wala sayari, inatoka wapi.

Somo ambalo wanafunzi hulikwepa na ambalo litakufaa kuliko yote ni takwimu. Kila siku utakuwa unauliza: je, kushuka huku kwa mwanga ni kwa kweli, au ni bahati tu? Jifunze uwezekano, jifunze kulinganisha modeli mbili kwa data ileile, jifunze mbinu ya Bayes (kurekebisha uwezekano kila data mpya inapoingia). Baada ya hapo kuna mekanika ya mizunguko, fizikia ya nyota, na mwanga. Mengine utayaokota njiani.

Programu: Python. Usipoteze muda kuuliza ni lugha gani bora. Darubini nyingi za nyanja hii zina maktaba zao (vifurushi vya programu vilivyo tayari) katika Python, na ukikwama utapata maelfu ya watu waliokwama palepale kabla yako.

Wazazi watauliza nani atakuajiri, na ni swali la haki, nitalijibu chini. Baba akisema haya ni mambo ya Wazungu, mkumbushe Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na mji huo. Iliitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002 kwa mchango wake katika fani hiyo.

Hatua ya 3: Lijue anga la kwenu

Hii ni fupi. Nairobi iko kama digrii 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima ukipita unakuwa umeona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Mtu wa London hajawahi kuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao. Wewe unauona, na miezi ileile unaona Dubu Mkubwa upande wa kaskazini. Alfa Centauri hupanda hadi kama digrii 30 juu ya upeo wa kusini. Jirani yake Proxima, ambayo ni hafifu mno kuonekana kwa macho, ina sayari iliyotangazwa mwaka 2016, na iko umbali wa miaka 4.24 ya mwanga tu. Pollux, nyota ing'aayo ya Mapacha, ina sayari kubwa pia na unaiona hata ukiwa juu ya nyumba Pipeline, taa zote zikiwaka.

Pakua Stellarium, programu inayokuonyesha ramani ya anga, ni ya bure. Ukipata nafasi ya kwenda Magadi au Samburu usiku usio na mwezi, nenda. The Travelling Telescope, iliyoanzishwa na Susan Murabana na mumewe Chu Owen, huandaa vikao vya kutazama nyota, na kwa mtoto wa shule hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kununua darubini, la, si sasa. Pesa hiyo iweke kwenye laptopu.

Hatua ya 4: Pima sayari yako ya kwanza

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Anayefikia mahojiano ya shahada ya uzamili akiwa amewahi kuipima sayari kwa mkono wake huzungumza tofauti na aliyesoma tu.

Tutatumia data ya TESS, setilaiti ya NASA iliyorushwa Aprili 2018. Hutazama kipande kimoja cha anga, kiitwacho sekta, kwa takriban siku 27, kisha huhamia kingine. Data yake iko kwenye hifadhi iitwayo MAST, na huhitaji kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

Fungua Google Colab kwenye kivinjari. Faida yake kwa mtu wa bando ni kwamba hesabu na upakuaji hufanyika kwenye kompyuta za mbali. Wewe unalipia ukurasa tu. Hata laptopu ya zamani inafaa, na stima ikipotea kazi uliyohifadhi unaikuta. Weka maktaba iitwayo Lightkurve, iliyotengenezwa kwa ajili ya data za TESS na za Kepler, darubini ya NASA iliyoitangulia.

Tafuta nyota iitwayo WASP-18. Ninaipendekeza kwa sababu sayari yake ni kubwa, nyota inang'aa vya kutosha, na mzunguko ni wa chini ya siku moja, kwa hiyo hata katika mwezi mmoja unapata mipito zaidi ya 20. Kwenye orodha itakayotokea chagua data ya SPOC (kituo cha NASA kinachochakata data ya TESS) yenye kipimo kila sekunde 120. Faili moja ni megabaiti chache. Achana kabisa na picha nzima za kamera kwa sasa, hizo ni nzito.

Chora. Mlalo ni muda, wima ni mwanga. Utaona vipimo kama 19,000 vikiwa vimejipanga, pengo katikati pale setilaiti ilipogeuka kutuma data duniani, na chini yake alama zinazoning'inia kwa nafasi sawa. Hizo ndizo sayari ikipita. Kabla hujashangilia, safisha: ondoa vipimo vilivyoruka juu ajabu, na unyooshe mawimbi ya polepole yanayotokana na chombo au nyota yenyewe. Hapa pana mtego. Kifaa cha kunyoosha hukuuliza upana wa dirisha. Mpito wa WASP-18 huchukua zaidi kidogo ya saa 2. Ukiweka dirisha la saa 3, kitaunyoosha mpito nao, na sayari yako itakuwa ndogo kuliko ilivyo. Weka dirisha la siku moja au zaidi, kisha jaribu upana mwingine uone jibu linabadilika kiasi gani. Andika mabadiliko hayo kwenye daftari, kwa kuwa ni sehemu ya kosa la kipimo chako.

Sasa tafuta mzunguko. Lightkurve ina mbinu iitwayo BLS, ambayo hujaribu maelfu ya mizunguko na kwa kila mmoja hutafuta mshuko wenye umbo la sanduku. Iambie ijaribu kuanzia siku 0.5 hadi 10. Kilele kirefu kitakuwa karibu na siku 0.94. Vilele vingine vitaonekana mara mbili na mara tatu ya hapo. Ni kawaida, mbinu hii hukubali pia vizidishe vya mzunguko wa kweli, na ni juu yako kutambua upi ni upi.

Kisha kunja data kwa mzunguko huo. Ni kama kukunja leso hadi maua ya pindo moja yaangukie juu ya maua ya pindo la pili: ukipatia mzunguko, mipito yote inalaliana na unaona umbo moja safi, ukikosea hata kidogo, maua yanapishana na mpito unatandaa. Rekebisha tarakimu za mwisho za mzunguko mpaka kingo za mpito ziwe kali.

Soma kina. Utapata pungufu kidogo ya asilimia 1, tuseme 0.0095. Kipeuo chake cha pili ni takriban 0.097, yaani nusu kipenyo cha sayari ni kama asilimia 9.7 ya kile cha nyota. Nyota nayo ni ya ukubwa gani? Hilo TESS haikuambii. Inabidi uende kwenye orodha za Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyopima umbali wa nyota zaidi ya bilioni moja, au kwenye makala zilizochapishwa, na utakuta makadirio kati ya mara 1.2 na 1.3 ya Jua. Zidisha, ukikumbuka kwamba nusu kipenyo cha Mshtarii ni kama sehemu ya kumi ya kile cha Jua, na utapata sayari ya takriban mara 1.2 ya Mshtarii. Linganisha na NASA Exoplanet Archive, orodha ya sayari za mbali na vipimo vyake. Tofauti utakayoiona na thamani zilizochapishwa itatokana zaidi na nyota uliyoichagua kuiamini, na kidogo tu na mpito wenyewe.

Ukishamaliza, rudia kwa HD 209458, nyota ya kwanza kuonekana ikipitiwa na sayari yake, mwaka 1999. Halafu chukua nyota ndogo nyekundu, TOI-700 kwa mfano, uone jinsi sayari ndogo zinavyojificha ndani ya kelele. Usiruke kwenda huko moja kwa moja. Wengi huanza na Dunia pacha, wanakosa kitu, wanaacha.

Hatua ya 5: Jifunze kuua sayari

Mwanafunzi mpya hutaka kupata. Mtu wa kazi hii hutumia sehemu kubwa ya wiki akijaribu kuthibitisha kwamba hakupata. Kila kushuka kwa mwanga kuna washukiwa wengi, na sayari ni mmoja tu kati yao.

Mshukiwa mkuu ni nyota pacha zinazokingana. Pima kina cha mipito ya namba shufwa peke yake, na ya witiri peke yake. Vikitofautiana wazi, huenda unaona nyota mbili zikipokezana kupita mbele, na mzunguko wa kweli ni mara mbili ya uliouandika. Tazama umbo: sayari nyingi huacha sakafu bapa chini, lakini nyota mbili zikigusana ubavuni huacha herufi V. Kisha angalia nusu ya mzunguko, pale ambapo kitu hicho kinapita nyuma ya nyota. Kukiwa na kushuka kwingine kwa kina, ujue hicho kinachofichwa kina mwanga wake mwingi, na sayari hazina.

Hapo kwenye nusu ya mzunguko pana utamu. Ukiikunja WASP-18 kwa uangalifu na sekta kadhaa utaona kweli kuna kushuka kadogo, chini ya asilimia 0.05. Ni sayari halisi, ila upande wake wa mchana una joto la karibu nyuzi 3,000, kwa hiyo inawaka. Jaribio la kuua sayari linahitaji kiasi, si ndiyo au hapana.

Halafu kuna majirani. Pikseli moja ya TESS hufunika sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe, si cha muda), eneo kubwa linaloweza kubeba nyota kadhaa. Nyota pacha iliyo hafifu, iliyoko mbali nyuma, ikimwaga mwanga wake kwenye pikseli ileile inaweza kuigiza mpito wa sayari juu ya nyota yako. Fungua ramani ya Gaia ya eneo hilo na uhesabu waliomo.

Katika njia ya mtikisiko msumbufu ni nyota yenyewe. Madoa meusi usoni mwake yakizunguka nayo husogeza mistari ya spektra, na unaweza kuandika mzunguko wa nyota ukidhani ni wa sayari. Mfano wa sayari iliyotangazwa kwa njia hii kisha ikatoweka uko karibu na sisi kuliko unavyodhani. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizipa nchi nafasi ya kutaja nyota na sayari. Tanzania ilipewa WASP-71, ikaiita Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kenya ilipewa HD 83443, na majina ya Kidholuo yakapita: nyota ni Kalausi, sayari ni Buru. Iko kama miaka 133 ya mwanga kutoka hapa, na Buru huizunguka kwa siku 3 hivi. Sasa, mwaka 2000 ilitangazwa kwamba Kalausi ina sayari mbili. Kundi jingine lilipima upya kwa vyombo vyake, likaiona Buru wazi, na ile ya pili haikuonekana kabisa. Leo ile ya pili haihesabiwi; sayari nyingine iliyotangazwa mwaka 2022 si ile, huchukua miaka 22 hivi kuizunguka Kalausi. Waliotangaza hawakuwa wazembe, walikuwa miongoni mwa mabingwa wa fani hii. Ndivyo data ilivyo.

Soma makala za mgogoro huo. Ziko bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala za sayansi mtandaoni, na ADS, tovuti ya kutafutia makala za astronomia, itakupeleka kwa kila aliyezitaja baadaye. Kwa maoni yangu makala mbili zinazopingana zina faida kuliko kitabu kizima cha kiada.

Hatua ya 6: Fanya kazi ambayo mtu mwingine ataikagua

Planet Hunters TESS, kwenye jukwaa la Zooniverse, huwaonyesha watu wa kawaida michoro ya mwanga na kuwauliza kama wanaona mpito. Sayari halisi zimepatikana kwa njia hiyo. Exoplanet Watch ya NASA hukupa hata data iliyokwisha kupigwa na darubini kama huna yako. Chagua mojawapo na ukae nayo miezi, usidonoe kila mahali. Weka programu zako hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushiriki programu, na maelezo yanayosomeka.

Halafu tafuta msimamizi. Kwa Nairobi barua pepe si njia pekee. Wahadhiri wa Chiromo wana ofisi na mlango. Nenda asubuhi, jitambulishe kwa adabu, mwite Prof. au Daktari kama anavyostahili, na usimwambie "ninapenda sana nyota." Mwambie: "Daktari, nimepima WASP-18 kwa sekta mbili za TESS, vina vya mipito vinatofautiana na sijaelewa kwa nini. Naomba dakika kumi." Mtu aliyechoka kusahihisha mitihani huinua kichwa akisikia hivyo. Hata kama yeye ni mtu wa redio au wa plasma, takwimu anazijua, na barua ya kukupendekeza itatoka kwake.

Ukimwandikia profesa wa nje, fupisha. Aya moja ya kazi uliyofanya na kiungo chake, aya moja ya swali kuhusu makala yake uliyoisoma, na basi. Akinyamaza wiki tatu, mkumbushe mara moja.

Hatua ya 7: Uzamili na uzamivu, bila kuuza shamba

Katika fani hii shahada ya uzamivu hulipiwa. Mwanafunzi hupewa posho ya kuishi na karo hulipwa na chuo au mradi. Ukipata nafasi bila fedha, kwa kawaida jibu ni hapana, hata kama chuo kina jina. Familia zimeuza mashamba kwa barua za namna hiyo.

Afrika Kusini ndiyo njia iliyozoeleka. Programu ya NASSP hufundisha astrofizikia katika ngazi za honasi na uzamili na huwa na ufadhili unaowahusu pia wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Huko kuna kituo cha Sutherland, chenye darubini ya SALT ambayo kioo chake kina upana wa kama mita 11, na darubini ya redio ya MeerKAT yenye madishi 64. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi ya hisabati yenye vituo Rwanda, Ghana, Senegal, Cameroon na Afrika Kusini, hutoa uzamili wa hisabati wenye ufadhili kamili, na unaweza kuchagua mada ya anga katika mradi wako. Mradi wa DARA umewafundisha vijana wa Kenya astronomia ya redio. Si sayari, lakini uchakataji wa ishara ni uleule. Kaskazini kuna Oukaimeden, Morocco, nyumbani kwa TRAPPIST-Kaskazini, pacha wa darubini ya Chile iliyoanzisha ugunduzi wa sayari saba za nyota iitwayo TRAPPIST-1.

Ulaya uzamivu ni miaka 3 au 4 na hudai uzamili kwanza. Marekani ni 5 au 6, na unaweza kuingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Maombi mengi hufungwa Desemba au Januari mwanzoni. Ada za maombi huumiza kwa shilingi. Andikia idara uombe kusamehewa, idara nyingi zina utaratibu huo ila hawautangazi kwa sauti. Pasipoti anza kuishughulikia mapema.

Hatua ya 8: Baada ya kuitwa Daktari

Sasa lile swali la mzazi. Baada ya uzamivu huja mikataba ya utafiti ya miaka 2 au 3, mara nyingi nchi tofauti kila mara, na nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitafuta, duniani kote. Kenya hakuna taasisi inayoajiri watu kwa ajili ya sayari za mbali peke yake. Shirika la Anga la Kenya, lililoundwa 2017, shughuli zake kubwa ni setilaiti za kutazama Dunia, kama Taifa-1 iliyorushwa Aprili 2023. Utakayerudi utakuwa mhadhiri wa fizikia anayefanya utafiti wa sayari saa zilizobaki, na wanafunzi watakupanga foleni. Wengine watahamia benki, kampuni za simu au bima, ambako mtu anayejua kutenganisha ishara na kelele hupata kazi kwa haraka kiasi cha kuudhi.

Ukibaki ndani, stadi itakayokulisha ni kuandika maombi ya muda wa darubini. James Webb, darubini ya anga iliyorushwa Desemba 2021 na iliyopata kaboni dayoksaidi kwenye hewa ya sayari WASP-39b mwaka 2022, hupokea maombi kutoka nchi yoyote. Katika maombi ya Oktoba 2024 saa zilizoombwa zilifikia kama mara tisa ya zilizokuwepo. Lakini wanaoamua hawaoni jina lako, chuo chako wala nchi yako, huona hoja tu, na mwandishi hutakiwa kutojitambulisha hata kwa kutaja "kazi yetu ya awali."

Ombi zuri lina swali moja, linaonyesha kwa hesabu kwamba saa unazoomba zinatosha kulijibu na hazizidi, na linasema mapema utafanya nini nyota ikikusumbua. Anza na darubini ndogo ambazo kundi lako lina hisa nazo, ukataliwe, usome maoni ya waamuzi, uandike tena. Kwa Webb, mizunguko ya karibuni imekuwa ikifungwa Oktoba, na kurasa za sayansi hazizidi chache, kwa hiyo rasimu ya kwanza iwe mezani kwa mwenzako ifikapo Agosti.